Wasomaji Wanauliza: Kinyunyizio Kinachotema Maji Badala ya Povu

Safu ya toleo hili inahusu jambo moja tu, nalo ni kurekebisha kinyunyizio ili kitoe povu la kuoshea gari nyumbani. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu aliyeiandika ameeleza tatizo lake vizuri, na kwa sababu majibu ya barua zinazofuata yanaegemea maelezo yaliyomo humo.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina kinyunyizio cha plastiki cha lita mbili, kile kinachopampuliwa kwa mkono, ambacho nilikinunua kwa ajili ya maua na sasa ninakitumia kuoshea gari. Nimebadilisha sabuni mara tatu, na kila mara kinachotoka ni maji yenye mapovu machache, yanayoteleza mlangoni na kufika chini kabla sijazunguka upande wa pili. Nimesikia kwamba kifaa cha namna hii kinaweza kurekebishwa kikatoa povu zito. Je, ni kweli, na nianzie wapi? – *Mwosha Gari wa Jumamosi*

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli, na kwanza naomba niitetee sabuni yako, kwa kuwa huenda haina kosa lolote. Povu ni hewa iliyofungwa ndani ya utando mwembamba wa maji ya sabuni, na sehemu kubwa ya ujazo wake ni hiyo hewa. Kinyunyizio cha maua hakikuundwa kuchanganya hewa na maji. Hewa unayoipampu hukaa juu ya maji ndani ya mtungi na kuyasukuma chini. Maji nayo hupanda kwenye mrija wa ndani, hupita kwenye nozeli na kutoka yakiwa peke yake. Ukiongeza sabuni katika hali hiyo utapata maji mazito ya sabuni, wala si povu, hata ukimimina chupa nzima.

Rekebisho la kwanza, ambalo ndilo rahisi kuliko yote, ni kuipa hewa njia ya kuingia kwenye mrija huo. Jaza mtungi maji hadi theluthi mbili, yaani kiasi cha lita 1.3 kwa mtungi wako wa lita mbili, kisha angalia maji yanafika wapi kwenye mrija na uweke alama kwa kalamu ya wino usiofutika. Uutoe mrija, na sentimita mbili hivi juu ya alama hiyo utoboe tundu moja lenye upana wa milimita 1, upande mmoja tu wa mrija, bila kutokezea upande wa pili. Biti ndogo ya drili unayoizungusha kwa vidole inatosha, kwa sababu plastiki ya mrija ni laini. Wengine hutumia sindano iliyopashwa moto. Hiyo nayo hutoboa, lakini huacha ukingo wa plastiki iliyoyeyuka ndani ya mrija, na ukingo huo usipokwanguliwa hukwamisha uchafu.

Baada ya hapo, kila unapobonyeza kifyatuo, maji yatapanda kutoka chini na hewa yenye presha itaingia kwa pembeni kupitia tundu lile, navyo vitasafiri pamoja hadi kwenye nozeli. Tundu dogo hivyo linatosha kwa sababu hewa iliyobanwa hupanuka inapotoka. Presha ya bari 3 inayosomwa kwenye kipimo ni bari 4 ukiijumlisha na ile ya hewa inayotuzunguka, kwa hiyo kikombe kimoja cha hewa kilichopita kwenye mrija kikiwa kimebanwa hivyo huwa karibu vikombe vinne kinapofika nje.

Nakusihi usiwe na haraka ya kupanua tundu. Mimi mwenyewe, nilipofanya kazi hii kwa mara ya kwanza, nilitumia biti ya milimita 2.5 kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, nikidhani kwamba tofauti ya milimita moja na nusu si kitu. Tundu la milimita 2.5 lina eneo linalozidi mara sita lile la milimita 1, na kinyunyizio changu kiligeuka kuwa mgonjwa wa kifua: kilikohoa, kikatema, kikanyamaza, na presha yote ikaisha kabla sijamaliza boneti. Nililiziba tundu kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli nilichokivuta juu ya mrija kama soksi, nikatoboa jipya pembeni yake. Ikikutokea, fanya hivyo hivyo, wala usiutupe mrija. Kumbuka pia kwamba tundu linatakiwa kuwa juu ya maji wakati wote. Ukiinamisha mtungi sana unapoosha sehemu za chini za milango, maji yatalifunika na povu litalegea ghafla. Hapo si kifaa kilichoharibika, ni mkono uliokilaza.

Rekebisho la pili ni wavu. Hewa na maji vinavyofika kwenye nozeli vimechanganyika kwa mapovu makubwa, ambayo hupasuka upesi. Yakilazimishwa kupita katikati ya nyuzi nyembamba hukatwakatwa yakawa madogo sana, na mapovu madogo ndiyo yanayoshikilia bodi ya gari. Njia ninayoipenda haigusi nozeli yenyewe. Tafuta kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa sentimita 5 au 6, ambacho kwa ndani kinabana vizuri juu ya ncha ya nozeli. Chukua waya wa kusugulia masufuria, ule wa chuma kisichoshika kutu, ukate kipande kidogo, ukiviringe kiwe kama ncha ya kidole cha mwisho, ukisukume ndani ya mpira huo, kisha uvalishe mpira kwenye nozeli huku ukiacha nafasi ya kama sentimita 2 kati ya nozeli na waya. Katika nafasi hiyo toboa matundu mawili ya pembeni yenye upana wa milimita 3. Maji yanapotoka kwa kasi kwenye nozeli na kuugonga waya, huvuta hewa ya nje kupitia matundu hayo. Nozeli za povu za zimamoto hutumia kanuni hiyo hiyo, isipokuwa zao ni kubwa na wao hawaoshi gari.

Ukiubana waya kupita kiasi, povu litarudi nyuma na kuchuruzika kwenye matundu ya pembeni hadi mkononi mwako. Ukiulegeza mno, utarudi kwenye mapovu makubwa. Mara ya pili au ya tatu utakuwa umepata kipimo chake. Jambo moja silitaki kabisa: usitumie sufi ya chuma ya kawaida. Hiyo hupata kutu kwa siku chache, hukatika vipande vidogo, na kipande kilichonasa kwenye rangi ya gari ukakisugua kwa glovu kitaacha mchoro ambao hautaondoka kwa sabuni. Kitambaa kigumu cha kijani cha kusugulia vyombo nacho nakikataa, kwa sababu kimetiwa chembe za kukwangua.

Anza na tundu la mrija, ujaribu. Kisha ongeza kofia ya wavu, ujaribu tena. Ukifanya yote kwa mpigo na matokeo yakawa mabaya, hutajua ni lipi la kulaumu. Povu linalofaa ni lile linalokaa mlangoni kwa dakika tatu hadi tano huku likishuka polepole na kuacha michirizi ya vumbi nyuma yake. Povu linalokaa kama krimu ya keki bila kusogea linapendeza kupigwa picha, lakini kazi yetu ni kulainisha uchafu na kuushusha, na povu lisilosogea halishushi kitu.

SWALI: Kinyunyizio changu kinatoa povu zuri, ila kupampu kila baada ya dakika moja kunanichosha mkono. Fundi mmoja amenishauri nitoboe mtungi, nifunge vali ya tairi la gari, na niwe nikijaza hewa kwa kompresa. Je, ushauri huu ni salama? – *Mkono Umechoka*

JIBU: Kwa mtungi wa plastiki wa kawaida, ushauri wangu ni hapana. Vinyunyizio vingi vya mkono vimetengenezwa kwa presha ya bari 2 hadi 3, ilhali kompresa ya gereji hufika bari 8 na zaidi bila jasho. Mkono wako, pamoja na uchovu wake, ni kifaa cha usalama: hauwezi kufikisha mtungi kwenye presha hiyo hata ukijitahidi. Kompresa haichoki, na sekunde chache za kuzubaa zinatosha.

Tena hatari yenyewe iko kwenye hewa zaidi kuliko kwenye maji. Maji hayabanwi kwa kiasi cha kuhesabika, kwa hiyo chombo kilichojaa maji tupu kikipasuka, maji humwagika na presha huisha papo hapo. Hewa iliyobanwa ni kama springi iliyokunjwa. Mtungi ukipasuka, springi hiyo hufunguka yote kwa mara moja na kurusha vipande vya plastiki usawa wa uso wa yule aliyeinama juu yake. Ongeza kwamba kutoboa ukuta wa mtungi kunaudhoofisha mahali pale pale ulipotobolewa, na kwamba plastiki iliyokaa juani kwa miezi mingi huwa kavu na hupasuka kwa urahisi kuliko ilivyokuwa mpya.

Wapo watengenezaji wanaouza vinyunyizio vya povu vyenye vali ya kujazia hewa iliyofungwa kiwandani, vikiwa vimeandikwa presha ya juu kabisa inayoruhusiwa na vikiwa na vali ya usalama inayofunguka yenyewe. Kama unataka kompresa, nunua cha aina hiyo, na uweke kidhibiti cha presha kwenye mpira wa hewa kabla ya kuanza kujaza. Kwa yeyote aliyenacho: vali ya usalama ikianza kuvuja, isafishwe au ibadilishwe. Nimewahi kuona iliyozibwa kwa gundi kwa maelezo kwamba "ilikuwa inapoteza hewa". Kupoteza hewa ndiyo kazi iliyoajiriwa kuifanya.

Kuhusu mkono wako, jaribu hili kwanza. Fungua pampu, safisha oringi, yaani pete ya mpira iliyo kwenye pistoni, uipake grisi ya silikoni kidogo. Grisi ya kawaida ya magari usiitumie, kwani baadhi ya mipira huvimba inapoguswa na mafuta ya petroli na hatimaye hukwama. Punguza pia maji ndani ya mtungi. Mtungi uliojaa pomoni una nafasi ndogo ya hewa, na nafasi ndogo ya hewa maana yake ni presha inayoshuka haraka kila unapobonyeza. Pengine uchovu wako wote umetokana na tamaa ya kutaka kujaza mara moja tu.

SWALI: Mimi ninatumia bunduki ya povu inayofungwa kwenye mashine ya presha ya umeme. Ilipokuwa mpya ilitoa povu zito, sasa linatoka jepesi. Rafiki yangu ananiambia nibadilishe jeti ya ndani, yaani kile kipande chenye tundu dogo la kupitishia maji, niweke ndogo. Nifanyeje? – *Povu Limekonda*

JIBU: Rafiki yako anajua anachokisema, ila dalili uliyoitaja inaelekeza kwingine. Jeti haipungui wala haiongezeki kwa mwaka mmoja wa kuosha gari moja. Kitu kilichokuwa kizuri kikadhoofika kidogo kidogo kwa kawaida kimeziba.

Ndani ya bunduki yako, baada ya jeti, kuna kidonge cha waya uliosokotwa na kushindiliwa, ambacho hufanya kazi ile ile ya wavu niliyomweleza msomaji wa kwanza. Sabuni iliyokaukia humo pamoja na chokaa ya maji magumu hukiziba. Kitoe, ukiloweke usiku kucha kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji ya uvuguvugu, ukisuuze, kisha ukitazame kwa kukielekeza kwenye mwanga; usipoona nukta nyingi za mwanga, nunua kingine. Angalia vilevile kijitundu cha kuvutia hewa kilicho kwenye mwili wa shaba, kwa sababu tone moja la shampuu lililokauka juu yake linatosha kuliua povu. Ncha ya sindano italizibua. Halafu, kuanzia sasa, kila unapomaliza kuosha, weka maji safi kwenye chupa na uyapulize kwa nusu dakika kabla ya kuiweka bunduki kabatini.

Ikiwa baada ya hayo yote povu bado ni jepesi, hapo ndipo jeti inapohusika. Bunduki nyingi huja na jeti ya milimita 1.25, ambayo inazifaa mashine zinazotoa maji mengi. Mashine ndogo za umeme, hasa zinazotoa chini ya lita 7 au 8 kwa dakika, mara nyingi hupata povu bora kwa jeti ya milimita 1.1. Tofauti hiyo hupunguza eneo la tundu kwa karibu asilimia 23. Maji hulazimika kupita kwa kasi zaidi, na kasi hiyo ndiyo inayonyonya sabuni na hewa. Ya zamani hufunguliwa kwa spana au kwa ufunguo wa pembe sita, kutegemea kichwa chake, na mpya hufungwa baada ya kuzungushiwa tepu ya mabomba kwenye nyuzi zake. Tepu isivuke mwisho wa nyuzi, la sivyo kipande chake kitang'oka na kwenda kuziba tundu ulilolilipia. Usishuke chini ya 1.1 kwa kudhani kwamba kidogo zaidi ni bora zaidi: mashine itabanwa, itakuwa ikijizima na kujiwasha, na pampu ndiyo itakayoumia.

SWALI: Kwenye bunduki ya povu nilikuwa nikiweka mililita 100 za shampuu katika chupa ya lita moja. Sasa nimehamia kwenye kinyunyizio cha mkono cha lita moja na nusu, na kipimo hicho hicho kinaacha utelezi usiosuuzika. Kosa liko wapi? – *Mpimaji*

JIBU: Kosa liko kwenye maji usiyoyaona. Bunduki ya povu haipulizi mchanganyiko wa chupa peke yake. Inauchanganya na maji yote yanayotoka kwenye mashine. Chukulia kwamba mashine yako inatoa lita 6 kwa dakika na chupa inaisha kwa dakika mbili: zitakuwa zimepita lita 12 za maji pamoja na lita moja ya chupa, jumla lita 13, na mililita zako 100 ndani yake ni kama asilimia 0.8 tu. Kinyunyizio cha mkono hakiongezi maji popote. Kilichomo mtungini ndicho kinachofika kwenye rangi, na mililita 100 ndani ya lita moja na nusu ni karibu asilimia 6.7, yaani zaidi ya mara nane ya ulichokizoea.

Anza na mililita 20 hadi 30 kwa kila lita, kama kibandiko cha shampuu hakisemi vingine, na upande polepole ikiwa gari ni chafu sana. Mimina maji kwanza, sabuni baadaye, kisha ugeuze mtungi taratibu mara mbili tatu. Ukimwagia maji juu ya sabuni, povu litajaa ndani ya mtungi na kukosa nafasi nje.

SWALI: Je, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo inafaa? Na je, ninaweza kutumia bomba la zamani la kupulizia dawa ya wadudu baada ya kulisafisha? – *Mbana Matumizi*

JIBU: Sabuni ya vyombo itatoa povu, na mara moja haitaliharibu gari. Imetengenezwa kukata mafuta, kwa hiyo huondoa pia nta iliyopakwa kuikinga rangi, na ukiitumia kila wiki utakuwa unaosha gari lisilo na koti. Shampuu ya gari isiyo kali, yenye pH inayokaribia 7, ndiyo ninayoipendekeza. Sabuni ya mche iliyokunwa usiijaribu kabisa, hasa kama maji yenu ni magumu. Kalsiamu na magnesiamu iliyomo huigeuza kuwa ukoko mweupe, na ukoko huo utaishia kwenye wavu.

Bomba la dawa, hapana. Dawa hujificha kwenye mipira, ndani ya mrija na kwenye nyuzi za kifuniko, mahali ambapo kusuuza hakufiki, na povu utalishika kwa mikono mitupu na kulivuta puani. Vilevile, katika kinyunyizio chochote cha povu usitie klorini ya kufulia, asidi ya kusafishia choo wala petroli. Ya mwisho ni hatari ya moto, na mbili za kwanza hula mipira, chuma na, ukizichanganya, hutoa gesi yenye sumu.

SWALI: Nikishapuliza povu, ninasubiri kwa muda gani, na je, ninaweza kusuuza tu bila kulisugua gari? – *Mwenye Haraka*

JIBU: Subiri dakika tatu hadi tano, gari likiwa kivulini na bodi ikiwa imepoa, na suuza kabla povu halijakauka hata kama dakika hazijatimia. Kwa vumbi la siku mbili, kusuuza peke yake kunaweza kutosha. Kwa tope na ule utando mwembamba unaoachwa na barabara ya lami, bado utahitaji glovu na ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia glovu; povu litakuwa limekuondolea mchanga ambao ungeuburuta kwenye rangi. Ukimaliza, vuta vali uachie presha yote kabla ya kufungua kifuniko cha kinyunyizio.